Jengo la Baba Yake

Jumatatu, 9 Juni
Balaa. Ijumaa darasa la pili wanapelekwa kwenye lile jengo kuukuu la mjini, wakajifunze watu wa zamani walivyojenga. Binti yangu kaingia nyumbani anarukaruka. Ameshawaambia wenzake wote kwamba ni baba yake aliyelijenga.

Kayatoa wapi? Kwangu. Mwaka jana, baada ya mazishi, aliniuliza baba alijenga nyumba ipi. Ningemwonyesha ghorofa alikoanguka? Mpaka leo halijaisha, madirisha matupu. Nikanyoosha kidole kwenye kitu kizuri kilichokuwa karibu. Nani alijua kuna ziara?

Jumanne, 10 Juni
Mpango wa kwanza: homa. Nimemkanda paji la uso kwa kitambaa cha moto, nikamkimbiza kwa mama mkwe ashuhudie kwamba mtoto haendi popote wiki hii. Mama mkwe akamgusa paji, akamgusa shingo, akauliza homa gani hii inayokaa usoni tu. Akasema nikalale, mgonjwa ni mimi. Labda. Mdogo wake binti anaota meno, sijafumba jicho.

Alhamisi, 12 Juni
Mpango wa pili: niende nao. Wazazi wasindikizaji huchaguliwa na Mama Pacha, aliyezaa wawili kwa mpigo na tangu hapo anajiona mwalimu mkuu. Akasema nafasi zimejaa. Nikamwambia marehemu alikuwa mwashi, nina ya kuwaeleza watoto. Akasema pole, kwa sauti ya mtu anayefunga mlango. Ila wanahitaji mtu wa kubeba dumu la maji.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nimeinama.

Ijumaa, 13 Juni
Nilimwahi mwongoza wageni mlangoni, dumu mkononi, mtoto mgongoni. Nikamwomba kitu kidogo tu: asitaje umri wa jengo. Akasema, dada, umri ndiyo kazi yangu, nikiutoa nabaki na nini? Akawatangazia watoto: karne tatu. Pacha wakaangua kicheko, wakamwuliza binti yangu baba yake alikuwa na miaka mingapi basi.

Nikaingilia. Nikasema alilikarabati. Wapi? Nikaonyesha kiraka cha kijivu ukutani. Mwongoza wageni akafurahi kweli, akawaita wote wasogee. Akasema huo ndio mfano aliokuwa akiutafuta. Ukuta huu ni wa mawe na chokaa, unapumua. Akaja fundi asiyejua kazi, akaupiga sementi, unyevu ukakosa pa kutokea, sasa unaoza kwa ndani. Akabandua kipande kwa kucha.

Binti hakulia. Heri angelia. Jioni akaniuliza kama ndiyo maana baba alianguka, kwa kuwa hakujua kazi.

Alijua kazi. Kamba ya jukwaa la ujenzi ndiyo iliyokatika, na hakuifunga yeye. Badala ya kumweleza hayo, nikamwambia ale.

Jumapili, 15 Juni
Nimeapa: leo ukweli mtupu. Nimempeleka mpaka kwenye ghorofa lenyewe, ajue baba yake aliacha nini: ngazi za chini, na kuta zilizonyooka mpaka leo. Maneno nilikuwa nayo. Tukasimama mbele. Mabati ya uzio yameliwa na kutu, kichaka kimetokeza dirishani, mtu ameanika shuka mahali baba yake alipoangukia. Akauliza, mama, ni lipi?

Kidole kikaenda jengo la jirani. Lina nguzo, lina vioo, mlinzi wake ana kofia. Binti akatabasamu, mara ya kwanza tangu juzi. Roho yangu ikatulia.

Akasogea mlangoni. Muhula huu amejua kusoma. Kuna jiwe limechongwa mwaka wa ufunguzi, hata babu yake hajazaliwa. Akausoma kwa sauti, tarakimu moja moja, kisha akanigeukia.

Nikamwambia hiyo ni namba ya nyumba.