Kidani Kilichofungiwa Ukutani kwa Sababu ya Sinema

Temeke,
14 Agosti 1954

Kwa Katibu, Kamati ya Sinema za Jumamosi Mchana

Bwana Katibu mheshimiwa,

Kuna mlio mmoja hauniondoki masikioni: kacha. Ni mlio wa kasha la chuma likifungwa katika filamu zako za Kiingereza za wezi wa vito. Kwanza niliusikia ukumbini. Mwezi uliopita niliusikia chumbani kwangu, na ndiyo sababu ya barua hii.

Mimi ni mwalimu wa darasa la pili. Marehemu bibi yangu, Mauwa, aliniachia kidani cha dhahabu. Tangu enzi zake kila bibi harusi wa mtaa wetu hukiazima, awe wa msikitini au wa kanisani, na baada ya fungate hukirudisha mwenyewe juu ya sahani ya vitumbua. Mume wangu, Bwana Revelian, karani wa forodha, alipokwisha kutazama filamu yako ya tatu alinunua kasha, akakifungia humo. Aliniambia, "Mke wangu, Ulaya mali haitembei shingoni mwa majirani." Wakati huo harusi ya Adelina, binti wa jirani yetu Bi Genoveva, ilikuwa imekaribia.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Filamu zako zinafundisha kwamba kasha hufichwa ukutani, nyuma ya picha. Hazisemi ukuta uwe wa nini. Wetu ni wa miti na udongo. Bwana Revelian alitoboa, na kasha likatokeza upande wa pili, uani kwa Bi Genoveva, ambaye sasa huanikia miiko juu yake. Upande wetu tumetundika picha ya harusi yetu. Katika picha hiyo nimevaa kidani.

2. Wezi wako huiba kwa dakika kumi, kisha hugombana saa nzima chumbani wakiwa na makoti ya mvua. Mtu yeyote aliyewahi kugawana samaki na ndugu zake angewashauri vizuri zaidi.

3. Tangu kasha liingie, sisalimiwi. Bi Genoveva hupita dirishani akisema, "Hodi! Nimekuja kumjulia hali kidani, nyie endeleeni na kazi zenu." Adelina, niliyemfundisha kusoma, aliniuliza polepole amenikosea nini. Nilimjibu kwamba ufunguo uko kwa mume wangu. Lilikuwa jibu la kweli, nami nililionea haya.

4. Hili ndilo zito. Filamu zote tatu nimezitazama na daftari mkononi. Katika ya kwanza mkufu wa lulu unaibwa kwa mke wa jenerali, katika ya pili kwa mwimbaji, katika ya tatu kwa mjane tajiri. Ni mkufu ule ule: lulu ya nne kutoka kifungoni imepasuka. Sebule pia ni ile ile, na saa ya ukutani husema saa kumi kasoro robo mwaka mzima. Wanawake niliokaa nao walielewa mara moja: wanaazimana, hata nyumba. Kwa hiyo pale hakuna mwizi. Kuna jirani aliyenyimwa zamu yake, na polisi walioitwa bila sababu. Kamati yako imemficha mume wangu jambo hilo.

Naomba basi filamu hizo zisimamishwe Tanganyika yote, au kabla ya kila moja asimame mtu aeleze kwamba mkufu ni wa kuazima.

Nisalimie wajumbe wote, fundi wa mashine, na mzee anayekata tikiti. Mume wangu hajambo, naye angekusalimu kama angejua ninakuandikia.

Wako mwenye subira iliyobaki,
Tekla Anselmo

Baada ya sahihi: Tafadhali usizisimamishe. Katika ile ya pili mwizi alikandamiza ufunguo kwenye sabuni, fundi akachonga mwingine. Nimejaribu kwa sabuni ya kufulia usiku mume wangu alipolala, inafaa kabisa. Fundi Mfaume wa mtaani kwetu hakuniuliza kitu, kwa kuwa binti yake anaolewa mwezi ujao. Leo saa nne asubuhi Adelina ameingia kanisani na kidani shingoni. Bwana Revelian, aliyekuwa benchi la mbele upande wa wanaume, alikitazama, kisha akanitazama mimi. Tulipotoka nilimkabidhi ule ufunguo wa pili. Sitauhitaji tena, maana kidani hakirudi ukutani: orodha ya maharusi wanaofuata nimekwisha kuibandika mlangoni kwetu, upande wa barabarani.