Kivuta-Sauti cha Hatua Tatu

Jumatatu, 4 Machi
Nimeuza redio kwa kusema ina kisawazisha mawimbi pacha. Nimekitunga papo hapo! Fundi wetu, anayekaa nyuma ya duka na bisibisi zake, akakohoa. Wivu tu.

Jumanne, 5 Machi
Kaingia bibi mmoja, mkoba kaukumbatia. Anataka redio ya kaseti. Nikamwambia hii ina kivuta-sauti cha hatua tatu. Akauliza hatua ya pili inafanya nini. Hakuna mteja aliyewahi kuuliza! Nikasema inapangusa vumbi la sauti. Akatabasamu, akanunua.

Jumatano, 6 Machi
Bibi karudi na redio yake, na kaseti. Ni sauti ya marehemu mumewe, nakala hana. Mwishoni inafifia, hajui mzee anasema nini. Kwa kuwa mimi ni mtaalamu, anaomba niivute kwa hatua zote tatu. Ningekataaje? Fundi akasema nimwachie yeye. Nikamwambia ashughulike na pasi zake.

Nikaitia kaseti kwenye mashine kubwa, nikabonyeza vitufe vitatu kwa mpigo. Mashine ikaitafuna! Utepe nje kama tambi.

Alhamisi, 7 Machi
Nimejifungia chooni nikalia. Kweli, nimelia. Kisha nikampigia fundi magoti. Hakunicheka hata kidogo. Siku nzima yeye ananyoosha utepe kwa vidole, mimi naurudisha ndani kwa kuzungusha penseli. Akasafisha kichwa cha redio ya bibi, kile kinachosoma utepe, kwa spiriti. Basi! Tukaicheza kaseti, na mzee huyo, marehemu, yuko dukani kwake, anamsifia mteja redio yenye kioo cha kurudisha mwangwi. Fundi kanitazama. Hakuna kitu kama hicho duniani.

Ijumaa, 8 Machi
Bibi kasikiliza hadi mwisho. Pale palipofifia, mzee anamwita mkewe wafunge duka, waende nyumbani. Bibi akalia, nami nikakiri yote. Akasema alinijua tangu Jumanne. Miaka thelathini aliishi na mwongo wa aina yangu, na sasa nyumba imenyamaza mno. Kisha akauliza: hatua ya tatu je, inafanya nini? Nimemweleza nusu saa nzima.

Jumamosi, 9 Machi
Nimeapa mbele ya fundi: kuanzia leo, ukweli mtupu. Saa tatu kaja mtu kuulizia pasi. Pasi ya kawaida, nyeupe. Nikamwambia ina kioo cha kurudisha mwangwi.

Kachukua mbili!