Sabufa la Mshenga

Jumanne, 8 Julai 2025

Mimi ndiye mzee wa kwanza hapa Soweto, Mbeya, kufunga sabufa kwenye gari. Hakuna aliyenitangulia!

Haya, Liberatus alinitangulia. Jirani yangu huyo. Akipita na muziki wake, masufuria ya mke wangu Verediana yanacheza kabatini. Ningevumilia mpaka lini?

Tena nina sababu ya maana. Jumamosi naenda Iringa kumposea mjukuu wetu Aroni. Mshenga ni mimi. Liberatus aliutaka ushenga huo, akatangaza kwamba nikisimama mbele za watu nasahau hata jina langu. Uongo mtupu. Nilisahau la bwana harusi, mara moja tu.

Fundi Habibu amesema boksi la sabufa na tairi la akiba haviwezi kukaa pamoja kwenye buti ya Corolla yangu. Nichague. Nikamwambia tairi halijui kuimba.

Jumatano, 9 Julai

Verediana amekalia tairi la akiba, anachambua maharage. Anasema tangu ninunue gari lile, hiki ndicho kitu cha kwanza kumfaa.

Nimepata wazo! Maneno ya posa nitayarekodi kwenye simu. Habibu atayahamishia kwenye flashi. Nikifika ukweni nakaa sebuleni, nabonyeza rimoti, gari linasema kule nje. Kusahau kumekwisha.

Nimerekodi. Sauti nzito, mambo ya jiko na moto. Verediana akaniuliza, je, baba wa binti akikataa? Tukapiga soga kidogo, nikaenda kulala.

Ijumaa, 11 Julai

Aroni kaja kunibembeleza. Babu, miaka mitatu namfuata Evarista, nakuomba uongee kwa mdomo tu, tena polepole. Baba yake, Mzee Silvester, hapendi makelele. Nikamwambia mjukuu wangu, nenda kalale, posa iko mikononi mwa fundi.

Liberatus kaja kusikiliza sabufa. Akasema linakohoa kama mashine ya kusaga yenye mafua. Akaongeza kwamba nikiharibu, kupeleka mahari ataenda yeye. Wivu huo!

Jumamosi, 12 Julai

Tumefika Iringa. Matairi yote manne yamefika. Niliwaambia!

Tumepokewa vizuri. Wazee watano, wote wananong'ona. Huku posa husemwa chini chini, ili ikikataliwa jirani asijue na mtu asiaibike. Hilo nimeelezwa baadaye. Aroni anasema alinieleza mara nne.

Nikabonyeza rimoti.

Mabati yakatikisika. Mbuzi akakata kamba. Mtaa mzima ukajua Aroni anatafuta jiko, na kwamba jiko lenyewe ni Evarista. Watu wakajaa uani. Maneno yalikwenda vizuri mpaka mwisho, na hapo ningezima. Lakini simu haikuacha kurekodi nilipomaliza! Mimi nilidhani mtu akinyamaza, yenyewe inaelewa.

Basi gari likaendelea, kwa sauti yangu. Likasema Silvester hawezi kukataa, ila ni mchoyo, chai yake ni nyepesi mpaka unakiona kitako cha kikombe, kwa hiyo tubebe chupa yetu.

Kikombe chake kilikuwa mkononi mwangu. Kimejaa. Maziwa matupu.

Nikabonyeza kuzima. Kumbe ni kitufe cha kurudisha nyuma! Likarudia la chupa.

Aroni alikuwa anatazama sakafu kama anayetafuta shilingi. Mzee Silvester akasogeza kiti karibu yangu. Kisha, kwa sauti ya chini kabisa, akauliza kama chupa tumekuja nayo.

Ilikuwa kwenye gari.

Bibi yake Evarista ndiye aliyeanza kucheka, akacheka mpaka akashika mbavu. Wazee wakatoka kushauriana. Waliporudi wakasema mtaa umeshasikia, Evarista mwenyewe ameulizwa na amekubali, kwa hiyo posa imepokelewa. Ila mshenga ana faini. Nikauliza ni mbuzi? Wakasema hapana, ni lile boksi. Bibi amelipenda, litamsaidia kusikiliza kwaya.

Jumapili, 13 Julai

Pancha, Makambako. Baridi ya kukata masikio. Buti sasa ni tupu, ina nafasi ya matairi hata mawili. Tairi liko Mbeya, limekaliwa.

Aroni hanisemeshi. Lakini anatabasamu peke yake.

Jumatatu, 14 Julai

Nimetafakari. Bila sabufa posa isingepita! Lile lilikuwa dogo tu. Habibu analo kubwa zaidi, lenye kipaza sauti. Mahari ni Agosti. Analifunga kesho.

Verediana, najua unasoma daftari hili nikitoka. Pasaka ile mchungaji alipouliza nani amekoroma wakati wa mahubiri, nilisimama badala yako nikasema ni mimi. Hukunilipa wema huo. Basi Aroni akiuliza kuna nini kwenye buti, mwambie ni parachichi.