Dereva wa Kifaru Atafuta Wenzake

Jumatatu, 3 Februari

Upepo wa vumbi umeamka kabla yangu. Baridi kali. Nimekunywa kunu, uji wangu wa mtama, peke yangu, nikaosha kikombe kimoja. Simu haijalia tangu Ijumaa, na hiyo ya Ijumaa ilikuwa kampuni ya simu ikinitakia heri.

Lakini leo kuna habari! Divisheni yetu ya vifaru itaadhimisha siku yake Jumamosi ya wiki ijayo. Karakana imefufua kifaru kimoja cha zamani. Kitaongoza gwaride, na watakaopanda ni wazee waliokitumia. Nimevaa kofia yangu nyeusi, nikaenda kambini mbio, kama mbio ni neno la kutumia kwa magoti haya.

Aliyenipokea ni Kapteni Ene Ochefu, msichana mwenye sauti ya mtu aliyezoea kutiiwa. Nimejitambulisha: Sajini mstaafu Ponfa Zitta, dereva wa kifaru kwa miaka kumi na sita. Akasema vizuri sana, Mzee, ila hapandi mtu mmoja mmoja. Wanapanda watu wa kifaru kimoja, waliokaa pamoja humo. Kidole kimoja hakivunji chawa. Kifaru ni watu wanne: kamanda, mpiga mzinga, mpakiaji wa makombora na dereva. Wenzangu wako wapi?

Kamanda tumeshamzika. Mpiga mzinga tulimzika mwaka juzi, mvua ikinyesha. Aliyebaki ni mpakiaji, Koplo mstaafu Chuwang. Anakaa ng'ambo ya barabara, mlango wake unatazamana na wangu. Hatujasemeshana miaka tisa.

Nimemwambia Kapteni kwamba wenzangu wote wapo, wazima wa afya. Nitawaleta Jumatano ya wiki ijayo. Akatazama orodha yake, akasema haya, Mzee, tutaonana.

Jumanne, 4 Februari

Kwa nini nisimwombe Chuwang? Ngoja niandike, ijulikane.

Kwenye mazoezi fulani kifaru chetu kilizama kwenye tope mbele ya jenerali. Tani kwa tani za chuma, tumbo chini, kama kiboko. Chuwang ndiye aliyetangulia kwa miguu kupima ardhi. Alinionyesha mkono wa kulia. Yeye husema alinionyesha wa kushoto. Kwa miaka mingi tulicheka jambo hilo. Halafu kwenye matanga ya kamanda wetu akalisimulia mbele ya watu wote, na kwenye simulizi yake mjinga alikuwa mimi. Mji mzima wa Bukuru ulicheka. Hata mjane alicheka!

Nanret, mke wangu, alipokuwa hai alikuwa akivuka barabara na bakuli la gwate, mchuzi mzito wa nafaka na mboga, kumpelekea. Nilimkataza. Akavuka. Nikamkataza tena. Akavuka na bakuli kubwa zaidi. Sasa yapata miaka mitatu hakuna anayevuka.

Basi nimebuni mpango. Watu wa kifaru ni wanne. Mimi ni mmoja. Wanaohitajika ni watatu. Nani amesema lazima wawe walewale? Kapteni alikuwa hajazaliwa!

Alhamisi, 6 Februari

Nimepata kikosi. Mwalimu Okwudili, aliyestaafu shule ya msingi, atakuwa kamanda, kwa sababu ana kitambi na anapenda kukatiza watu. Dachung kinyozi atakuwa mpiga mzinga, ana mkono mtulivu. Sabitu muuza chai atakuwa mpakiaji, maana siku zote anapakia kitu. Malipo: chakula cha jioni.

Somo la kwanza limefanyika kwangu. Kwanza historia. Nimewaambia kwamba zamani sisi tulikuwa askari wa miguu. Vita vya wenyewe kwa wenyewe hapa Nigeria vikaisha, wakubwa wakaona askari wa miguu ni wengi na miguu imechoka, wakatupatia vyuma. Waliotufundisha walikuja na vitabu ambavyo hatukuweza kuvisoma. Tukajifunza kwa kuviharibu vifaru na kuvitengeneza.

Kisha mpangilio. Nimetumia viazi. Kiazi kimoja ni kifaru. Viazi vitatu ni kikundi. Vikundi vinne na viazi vya wakubwa ni skwadroni. Skwadroni kadhaa ni batalioni. Batalioni na batalioni, tia askari wa miguu wanaopanda magari ya deraya, hiyo ni brigedi. Brigedi zote, ongeza mizinga mikubwa, wahandisi, watu wa mawasiliano na mafundi wa karakana, ndiyo divisheni. Meza ikajaa. Sabitu akauliza, Baba Soja, huyu jenerali ni kiazi gani? Nikamwonyesha kitunguu. Dachung akasema sasa ameelewa kwa nini jeshini watu hulia.

Mwalimu akauliza kama skwadroni ile ya pembeni ingeweza kuchemshwa. Tumeila yote, na pilipili. Wakaondoka na kelele zao. Nyumba ikanyamaza ghafla, nikasikia friji. Sikujua friji yangu inaunguruma.

Jumapili, 9 Februari

Kanisani Chuwang alikaa safu ya mbele yangu. Kisogo chake kimezeeka. Nimefurahi kukiona kimezeeka. Baadaye nikashika changu.

Jioni somo la pili. Wamekuja mapema na hawakuleta hata daftari, wameleta mkaa na samaki. Mwalimu amekuja na kiti chake, amekiacha hapa, eti hakuna haja ya kukibeba kila siku. Ona ujasiri! Nimetoka nje mara nyingi kabla hawajafika, kuangalia hali ya hewa tu.

Wanajua historia yote sasa. Dachung anawasimulia wateja wake jinsi "sisi" tulivyovuka mto, na mteja mmoja amemsalimu kwa saluti. Sabitu amepanga vikombe vyake vya chai ki-brigedi. Tulicheka mpaka Mwalimu akakohoa. Ng'ambo Chuwang alikuwa amekaa mlangoni pake, peke yake, akitutazama. Nikafunga pazia. Hatanipora mafunzo yangu bure.

Jumanne, 11 Februari

Shida. Mwalimu ameuliza kamanda anafanya nini humo ndani. Nikasema anaamuru. Akauliza baada ya kuamuru? Nikasema anaamuru zaidi. Sabitu naye akauliza mpakiaji anasimama kushoto au kulia. Dachung akataka kujua mpiga mzinga anatazama wapi.

Sijui! Miaka kumi na sita na sijui. Dereva analala mbele, chini, kwenye tundu lake, kila mtu ana kifuniko chake. Nyuma ya kichwa ni chuma. Unaona ufa mmoja wa dunia kupitia kioo. Wale watatu wako juu pamoja, wanakanyagana, wanagawana biskuti. Wewe unawasikia masikioni tu. Siku nyingine walikuwa wakicheka huko juu na sikuambiwa walichekea nini.

Nikawajibu kwamba hayo ni siri za jeshi. Nikawapa amri moja: kesho, lolote litakalotokea, nifuateni mimi.

Jumatano, 12 Februari

Aibu. Naandika haraka ili iishe.

Tumefika kambini. Kapteni akawauliza maswali, nao wakajibu kama maji! Mwalimu alieleza kuzaliwa kwa divisheni tangu askari wa miguu hadi leo, akamsahihisha hata luteni mmoja. Dachung akapanga brigedi bila viazi. Kapteni akatikisa kichwa kwa mshangao. Nikajiona nimeshafika.

Kisha akatupeleka kwenye kifaru. Kipya kwa rangi, kizee kwa harufu. Akatoa amri moja tu: "Pandeni!"

Kila askari wa vifaru duniani anajua la kufanya kwenye neno hilo. Watatu juu, dereva mbele, haraka. Mimi nikakimbilia tundu langu. Na kikosi changu, kwa utii ambao sijapata kuuona jeshini, kikanifuata. Nimeingia, nikakwama kidogo kwenye tumbo, nikashuka. Mara buti la Dachung likatua begani kwangu. Halafu mguu wa Sabitu. Mwalimu akakwama kiunoni kwenye kifuniko, hashuki, hapandi, anauliza kwa sauti kama wote wanne huwa wanakaa humu, na kama ni hivyo basi anawaheshimu sana marehemu.

Nje askari walikuwa wakigaragara kwa kicheko. Kisha juu, kwenye chumba cha mzinga, kifuniko kikafunguka. Nikasikia sauti ninayoijua kuliko yangu.

"Dereva! Leo umeleta abiria?"

Chuwang! Alikuwa humo muda wote, na kopo la grisi. Kapteni akanieleza baadaye, kwa upole uliouma, kwamba Chuwang alikuja Jumatatu ileile, asubuhi kabla yangu. Alisema waliobaki ni wawili, yeye na dereva wake Ponfa. Akasema Ponfa atakuja mwenyewe, wasimsukume, ni mtu wa kujisukuma. Kwa hiyo Kapteni alijua tangu mwanzo. Viti viwili vitakaliwa na vijana wa sasa. Jumamosi tutapanda, mimi na Chuwang.

Ameliandikisha jina langu bila ruhusa. Huo ni wizi.

Jumamosi, 15 Februari

Nimeendesha.

Injini ilipowaka nilihisi meno yangu yote, yale yaliyobaki. Nikavaa kofia yenye spika za masikioni. Giza, mafuta, ufa wangu wa kioo. Nilikuwa peke yangu kama zamani. Halafu masikioni, sauti ya Chuwang: "Dereva, unanisikia?"

Miaka tisa. Nikabonyeza kitufe, nikasema nakusikia. Akasema vizuri, twende. Akaniongoza uwanja mzima. Polepole hapo. Kushoto kidogo, ndugu yangu, kushoto. Hapo ni pagumu, usiogope, pita. Nililia. Nasema wazi kwa kuwa hakuna anayesoma hapa. Nililia kwa sababu kulikuwa na mtu anayetaka kujua kama ninamsikia. Nilitamani uwanja ungekuwa mrefu kufika Kano.

Tukasimama. Dereva ana kazi ya kuzima na kufunga, kwa hiyo hutoka mwisho. Nilipotoa kichwa, watu walikuwa wamemzunguka Chuwang, Kapteni, majenerali, wake zao, kikosi changu cha uongo, wote. Naye anaanza: "Siku moja, mbele ya jenerali, kwenye tope..."

Sikungoja! Nikashuka upande wa pili, nikaenda nyumbani kwa miguu, na kofia yao kichwani. Kicheko kilinifuata mpaka getini.

Jumapili, 16 Februari

Sikwenda kanisani. Baadaye Mwalimu Okwudili amekuja. Ameniambia niliondoka mapema mno, mzee mzima, kama mtoto aliyenyimwa nyama. Kwamba Chuwang alisimulia mpaka mwisho, na safari hii alisema mbele ya majenerali kuwa kosa lilikuwa lake. Alipima ardhi vibaya. Alinionyesha kulia, na kulia ndiko kulikokuwa na tope. Alisema dereva wake hakukosea, na alipogeuka kunitafuta anishike mkono, sikuwapo.

Nikamwambia Mwalimu kwamba hayo ni maneno ya kuambiwa. Niombwe radhi kupitia mtu wa tatu? Akauliza kama masomo yetu yanaendelea, maana wenzake wanapenda kujua kilichozipata brigedi baadaye. Nikamjibu kwamba gwaride limekwisha na jeshi halina haja nao tena. Akachukua kiti chake. Alipofika mlangoni akasema, lala salama, dereva. Ilikuwa mchana.

Kisha hodi ikabishwa mlangoni. Nilichungulia pembeni ya pazia. Chuwang! Amevuka barabara, mwenyewe, na bakuli mkononi limefunikwa kwa kitambaa. Miaka tisa nimesubiri abishe mlango huu, na hakika nilitaka kuufungua. Lakini nikafikiri. Nikifungua kwenye hodi ya kwanza ataona nilikuwa nangoja. Abishe mara tatu, ndipo nifungue, tena polepole, kwa uso wa mtu aliyeshtuliwa kazini.

Alibisha mara ya pili. Akaita, dereva, unanisikia? Nikabana pumzi.

Akaondoka.

Nimeshinda! Ameshajua mimi si mtu wa kupatikana kirahisi. Kesho atarudi, na kesho nitataka abishe mara nne. Nimesogeza kiti mpaka karibu na mlango na nimeazimia kukesha hapa, ili akija tena nisichelewe kutomfungulia.