Nukta Tatu kutoka Pickering

Baraza la Waswahili wa Toronto na Vitongoji Vyake lilitangaza, kwa kauli moja na bila kupingwa na yeyote aliyehudhuria, kwamba redio ingevumbuliwa upya Jumamosi ya pili ya Desemba, saa nane mchana, kwenye maegesho ya kanisa huko Scarborough, mara baada ya chakula. Wanachama waliombwa kuvaa mavazi ya heshima na, juu ya mavazi ya heshima, makoti mazito.

Tangazo lilitoka kwa Mwenyekiti, Mheshimiwa Nicolaus. Hakuwahi kuwa mbunge wala waziri mahali popote, lakini uheshimiwa alipanda nao ndege tangu nyumbani, na watu wa forodha hawakuukagua.

Ukweli ni kwamba redio yenyewe haikuwa ya Baraza. Ilikuwa ya Gelasius, Katibu. Gelasius alishinda mchana katika ofisi ya bima akiwajibu watu wenye hasira, na jioni alikwenda chuoni kusomea asili ya mawasiliano ya redio. Aliyaanza masomo hayo katika umri ambao wenzake walikuwa wanasoma maelezo ya dawa za presha. Alikuwa mtu wa sala. Aliomba kabla ya kipindi, aliomba kabla ya kushika pasi ya kulehemu, na mtihani wa kwanza aliuombea kwa kirefu hata nusu ya muda ikaisha kabla hajafumbua macho. Alipata nusu ya alama, akamshukuru Mungu kwa usahihi wa hesabu Zake.

Kilichobaki sasa kilikuwa kazi ya mwisho: kutengeneza chombo cha kupokelea kama vile vya mwanzo kabisa, kisha kupokea ishara kutoka mbali mbele ya macho ya mwalimu. Gelasius alikuwa ameshaurudia mwaka huo wa masomo mara moja. Chuo hakikuruhusu kuurudia tena. Akishindwa Jumamosi, basi tena. Angebaki mtu aliyewahi kusoma jioni.

Mkewe, Asumpta, alishawaambia wanajumuiya wote. "Mume wangu anavumbua redio," alisema. Wakamjibu kwamba wao wanazo, ila watamwombea.

Chombo chake kilikuwa waya mwembamba uliozungushwa kwenye kopo la maziwa ya unga, kipande cha madini, spika ndogo ya kuweka sikioni, na waya mrefu wa antena ambao ungepandishwa juu kwa kishada. Kishada hakikuwa mchezo. Darasani walisoma kwamba mnamo Desemba 1901, Mwitaliano Marconi aliketi juu ya kilima huko Newfoundland, mashariki ya mbali ya nchi hiihii, antena yake ikining'inia kwenye kishada, sikio lake kwenye spika, akangoja. Kutoka ng'ambo ya bahari walikuwa wanamtumia herufi S kwa alama za Morse, yaani nukta tatu. Akasema amezisikia. Msaidizi wake naye akasema amezisikia. Hakuna mwingine aliyekuwapo, na wataalamu wanabishana hadi leo kama walisikia kweli au walisikia hamu yao.

Kosa la Gelasius lilikuwa kuomba ruhusa ya kutumia maegesho. Baraza halikujua kutoa ruhusa bila kuunda kamati. Ikaundwa Kamati ya Asili na Chimbuko la Redio, na kikao chake cha kwanza kikajadili nani hasa aliivumbua. Mmoja alisema Mwitaliano, mwingine Mrusi, wa tatu akamtetea Mhindi, na mama mmoja akauliza kwa nini hakuna Mchaga. Kamati ikaridhika kwamba redio ilivumbuliwa na watu wengi waliokuwa hawapatani, na kwa hiyo Baraza lilikuwa na sifa zote zinazotakiwa.

Jumamosi ilifika na upepo wa kukata masikio. Huko Pickering, mji wa jirani, mhandisi Kemunto alikaa sebuleni kwake na mtambo wake wa kurushia, wenye leseni halali ya nchi. Aliagizwa asibonyeze kitu hadi sherehe ifunguliwe rasmi, na Katibu ampigie simu. Kwenye maegesho, Yusuph, aliyekulia kurusha vishada Tanga, alishika kamba kwa mikono miwili huku kishada kikimvuta kama mbuzi anayekataa kuingia zizini.

"Bwana Katibu," Yusuph alisema, "huyo Marconi wenu, vidole vyake alizikwa navyo?"

"Vumilia ndugu yangu. Ni ufunguzi tu, tutaanza sasa hivi."

Mwalimu Shamina alikuwa amekuja kutoka Unionville, kofia ya sufu imemshuka hadi kwenye miwani. Wazazi wake walitoka Mwanza, na Kiswahili chake alikirithi jikoni kwa bibi yake, kwa hiyo kilikuwa kizuri na hakikuwa na subira.

"Gelasius, tunangoja nini?"

"Itifaki, mwalimu."

Itifaki ilikuwa ndefu. Mwenyekiti aliwatambua waliokuja, waliotuma udhuru, na waliotarajiwa kutuma udhuru. Alimtambua balozi, ambaye hakuwapo, kisha akajitambua yeye mwenyewe kuwa Mgeni Rasmi kwa niaba ya balozi. Akajipigia makofi ya kwanza ili wengine wajue pa kuanzia. Kisha Katibu akaombwa aongoze sala.

Gelasius alizima simu yake kwa heshima ya Mungu. Akaombea mawimbi, akaombea upepo, akamwomba Malaika Gabrieli, msimamizi wa wapeleka habari, alainishe njia kati ya Pickering na Scarborough. Akaomba hata machozi yakaganda mashavuni. Aliposema amina, moyo wake ulikuwa mweupe na umejaa, na hapakuwa na nafasi ndani yake ya kukumbuka simu.

"Sasa," Mwenyekiti akasema, "natamka kwamba sherehe imefunguliwa." Akaketi kwenye kiti cha plastiki, akaiweka spika sikioni, akafumba macho kama mtu anayepigwa picha.

Watu walinyamaza. Kishada kikapiga mbawa.

"Naam!" Mwenyekiti akasema. "Nukta tatu! Wazi kama kengele!"

Vigelegele vikapigwa. Spika ikapitishwa kwa kufuata vyeo. Makamu Mwenyekiti, Jeptoo, alisikiliza na kukiri kwamba hata yeye amesikia tatu, ila kwa sauti ya chini kidogo, kama inavyomstahili makamu. Mweka Hazina, Mutuma, alisikia mbili, akasema moja amemwachia Mwenyekiti. Wajumbe wa kawaida walisikia moja moja. Yusuph alipoulizwa akasema yeye anasikia baridi.

Zamu ya Gelasius ikafika. Alipiga ishara ya msalaba, akaibana spika sikioni kwa nguvu zote. Kulikuwa na mvumo kama wa mafuta yanayochemka mbali. Na ndani ya mvumo, Mungu ni shahidi: du, du, du. Akasikiliza tena. Du, du, du.

"Nimesikia!" akapiga kelele. "Mwalimu, nimesikia!" Asumpta akamkumbatia, na kofia yake ikaanguka thelujini.

Papo hapo Mwenyekiti akatuma taarifa kwenye makundi yote ya WhatsApp, pamoja na lile ambalo nakala zake huenda ubalozini Ottawa: Waswahili wa Toronto wamepokea ishara kutoka Pickering, na historia imeandikwa upya chini ya uongozi makini.

Gelasius aliwasha simu ili naye aisome. Chini ya taarifa ile tayari palikuwa na jibu la Kemunto: "Hongereni. Mimi sijaanza. Bado nangoja simu ya Katibu."

Waliokuwa na simu walizirudisha mifukoni taratibu, kama watu wanaofunika sufuria.

"Ndugu Katibu," Mwenyekiti akaita, akimvuta pembeni. "Mpigie huyo dada. Mwambie asitume."

"Asitume, Mheshimiwa?"

"Fikiri kiutawala. Ishara imeshapokelewa. Taarifa imeshakwenda Ottawa. Ikitumwa sasa, itakuwa ni ishara ya pili, na ya pili haimo kwenye ratiba. Tutaonekana tunapokea kabla ya kutumiwa."

"Lakini ndivyo ilivyokuwa."

"Ndiyo maana asitume."

Gelasius alisimama na simu mkononi. Alikuwa Katibu mtiifu. Kwa muda wote aliokuwa Katibu, hajawahi kupeleka ujumbe wa Mwenyekiti kwa kuchelewa wala kwa kupunguza neno. Akageuka, akamkuta Mwalimu Shamina amesimama nyuma yake.

"Gelasius, niambie. Wewe ulisikia kweli?"

Angeweza kusema ndiyo. Wajumbe wote walikuwa mashahidi, na mwalimu alikuwa na baridi. Lakini mtu hawezi kutoka kumwomba Gabrieli, na amina haijapoa, akaanza kudanganya.

"Nilisikia moyo wangu, mwalimu," akasema. "Nilidhani ni Pickering."

Shamina akaipandisha kofia juu ya miwani. "Moyo hauna leseni ya kurusha matangazo," akasema. "Siwezi kukupa alama za moyo. Na giza linaingia mapema. Una leo tu."

Gelasius akampigia Kemunto.

"Haki Gelasius!" Kemunto alisema. "Chai yangu imepoa mara mbili. Nimefikiri mmekufa huko."

"Ilikuwa ni sala, dada. Na itifaki."

"Aya, nitume hiyo S yenu?"

Shamina akaichukua simu. "Usitume S. Wote hapa wameshaisikia S bila wewe. Tuma neno. Usituambie ni neno gani. Tuma polepole."

"Neno gani sasa? Hali yenu ikoje huko?"

"Tunaganda," Shamina alisema. "Wamevaa viatu vya harusi."

Kemunto akacheka, akakata simu.

Gelasius alikimbilia kwenye chombo chake, akakuta kiti kimekaliwa. Mwenyekiti alikuwa ameshika spika sikioni kwa mkono wa kulia, na wa kushoto ameuweka juu ya kopo la maziwa.

"Naomba nisikilize, Mheshimiwa."

"Haitawezekana. Nimeamua kusimamia ukimya mwenyewe. Nitakaa hapa nihakikishe hakuna kinachosikika."

"Mheshimiwa, huu ndio mtihani wangu. Sina mwingine."

"Kila mtu ana mtihani wake, Gelasius. Wangu ni Ottawa."

Asumpta akaanza kufungua rozari. Gelasius akafumba macho, lakini safari hii sala ilikuwa fupi kuliko zote alizowahi kuomba, kwa sababu hakujua aombe nini. Akayafumbua. Na kwa kuwa hakuwa na pengine pa kutazama, akamtazama Mwenyekiti usoni.

Nyusi za Mwenyekiti ziliruka.

Ziliruka kidogo, zikashuka. Kisha zikapanda, zikakaa juu, kama za mtu aliyeambiwa bei ya nyumba. Zikashuka. Zikapanda tena, zikakaa. Zikashuka. Zikaruka kidogo.

"Mheshimiwa, unasikia kitu?" Jeptoo aliuliza.

"Sisikii chochote," Mwenyekiti akasema, na nyusi zikapanda zikakaa.

Gelasius alihisi damu inarudi kwenye vidole vya miguu. Fupi, ndefu, ndefu, fupi. Alama za Morse alikuwa amezikariri kwenye basi, akizigonga kwa kidole kwenye mkoba hadi abiria wakahama viti.

"P," akasema.

"P nini?" Mwenyekiti aliuliza, nyusi zikiwa juu.

"Usisogee, Mheshimiwa, tafadhali." Ndefu. Ndefu. Ndefu. "O."

Mwalimu Shamina alikuwa amevua miwani, ameifuta, ameivaa tena. Jeptoo naye alisogea, kisha Mutuma, kisha wajumbe wa kawaida, hadi kiti cha plastiki kikazungukwa. Yusuph alikuja kinyumenyume, kamba mkononi.

"Aki, angalia ile ya kushoto," Jeptoo alinong'ona. "Ndiyo inashika vizuri."

"Msimkinge upepo," Yusuph alisema. "Huyo ndiye mtambo wenyewe."

Fupi, ndefu, fupi, fupi. "L," Gelasius alisema. Kisha nyusi zikaruka mara moja tu, zikatulia.

"E."

Walilisoma pamoja, kwa sauti, kama watoto wa darasa la kwanza: "Pole."

Sasa hawa walikuwa watu waliolelewa. Mtu akikuambia pole, hata kama neno limepita hewani kutoka Pickering na kutua kwenye uso wa kiongozi, kuna jibu lake, na halingojei kamati. Maegesho yote yakaitikia: "Asante, Mwenyekiti!"

Mwenyekiti hakuwa na habari ya Morse. Alichoona ni wanachama wamemzunguka, wamejaa hisia, wanamshukuru. Akaweka mkono kifuani.

"Ni wajibu wangu," akasema.

Shamina alikuwa ameshampigia Kemunto. "Pole?" akamuuliza.

"Pole!" Kemunto akapiga kelele hadi wote wakasikia bila spika. "Imefika?"

"Imefika." Shamina akamgeukia Gelasius, akampa mkono wenye glavu nene. "Umefaulu. Nimeona kwa macho yangu. Katika kufundisha kwangu sijawahi kuona spika yenye nyusi, lakini masharti ya mtihani hayakatazi."

Gelasius alitaka kupiga magoti kushukuru, ila thelujini alihofia hatainuka. Akamkumbatia Asumpta. Mara hii walivua kofia kwanza.

Mwenyekiti alipoona furaha inaelekea kusikokuwa na ratiba, alisimama, spika ingali sikioni, akainua mkono.

"Ndugu wanachama! Ili isitokee sintofahamu, natamka rasmi kwamba tangu ile ishara ya kwanza, hapa hakuna kilicho..."

Nyusi zikaruka. Kemunto, ambaye ni mtu wa adabu, alikuwa ameanza neno la pili.

Wajumbe wote wakanyamaza na kumkodolea macho. Aliyekuwa akikohoa aliziba mdomo, na wa nyuma walisimama kwa ncha za viatu. Tangu Baraza lianzishwe, hakuna aliyewahi kumfuatilia Mwenyekiti kwa makini namna ile.