Mbuzi Mwenye Meno

Jumatatu, 5 Mei
Posa yangu kwa Zuwena bado haijajibiwa. Mamaye, Bi Mwatum, anasema anafikiri. Anafikiri tangu mfungo mosi! Tatizo ni Idarusi, mfuga kuku wa Nguvumali, naye kaposa. Leo napita Chumbageni, chini ya dirisha lao, namsikia Bi Mwatum akimlalamikia binti: mbuzi yangu meno yamekwisha, na Ijumaa nina wageni. Idarusi naye alikuwa hapo hapo, anajifanya anafunga kamba za viatu. Tukaangaliana. Kila mtu akashika njia yake mbio.

Jumanne, 6 Mei
Nimepata beberu! Kwa Ernesti, Pongwe. Nimempa baiskeli, kanipa mbuzi. Tumerudi kwa miguu, na nusu ya njia mimi ndiye niliyekokotwa. Ananuka, subhanallah! Nimemwosha kwa sabuni ya unga, nikamfukiza udi. Dada yangu Rahila kakuta chetezo chake chini ya tumbo la beberu. Kaniita majina nisiyoweza kuyaandika.

Jumatano, 7 Mei
Aibu! Nimefika, shikamoo mama, marahaba. Nikasema nimesikia mbuzi yake kaisha meno, nikamfunua beberu mdomo ayaone ya huyu. Bi Mwatum kaingia ndani, katoka na kibao cha kukunia nazi. Chuma kimelika, butu kama kijiko. Ndiyo mbuzi yenyewe! Zuwena kacheka mpaka kakaa chini. Eti mama alisema mbuzi "yangu", hakusema "wangu". Nani anasikiliza sarufi dirishani? Mara Idarusi huyo, na mbuzi mpya ya nazi kaifunga kwa gazeti.

Lakini beberu hakurudishwa. Bi Mwatum kasema Ijumaa anaingia kwenye biriani, na siku hiyo hiyo posa itajibiwa.

Alhamisi, 8 Mei
Mambo yamegeuka. Zuwena kampa beberu jina, Bwana Udi, na hataki achinjwe. Anasema kaja kwa miguu yake mpaka mlangoni, huyo ni mgeni. Mamaye anasema Mungu kamhalalisha. Zuwena anasema halali si lazima. Mama kamuuliza mbona supu ya pweza haililii. Zuwena kasema pweza hakuwahi kumlamba mkono.

Hapo nikapata hila. Bi Mwatum nimemwahidi nitachinja kwa mkono wangu mwenyewe. Zuwena, uani, nimemwahidi Bwana Udi hataguswa. Wote wawili wameniombea dua! Nalala kwa raha.

Ijumaa, 9 Mei
Baada ya sala Bi Mwatum kanikabidhi kisu. Mbele ya Zuwena! Zuwena kauliza cha nini. Kaambiwa. Wakanitazama. Nikasema ngoja kwanza nitie udhu. Zuwena kasema si umetoka msikitini sasa hivi?

Idarusi, naye kaja kusikiliza jibu la posa, kasema wazi kwamba yeye anachinja kila siku wala hajuti, ila huyu mwenye jina hamwezi. Katuma majogoo waletwe kwa ajili ya biriani. Basi mama kapata nyama, Zuwena kapata beberu, Idarusi kapata Zuwena. Mimi nilibaki na kisu, nacho wakakidai. Roho inaniuma, sitanii. Nilimpenda yule binti. Biriani sikula. Nimerudi kwa miguu.

Jumamosi, 10 Mei
Nimefikiri sana. Kosa ni la beberu. Mnyama wa kuliwa huleta ugomvi; ningepeleka wa kutazamwa tu.

Leo Usagara nimemsikia mjane mmoja, Bi Sabiha, akiongea na simu. Anasema amechoka kuingojea ndege ya Pemba, kila siku anaambiwa kesho. Masikini, mpweke yule! Jirani yangu Rahimu anaye kasuku, na anakubali tubadilishane kwa redio yangu. Sijui kama ni wa Pemba, lakini nani atamuuliza? Asubuhi na mapema nampeleka, amenukia.

Nimekitafuta chetezo cha Rahila nyumba nzima. Kakificha.