Sauti Yangu Kutoka Boma Hadi Duluti

Jumapili, 13 Julai

Wakwe watarajiwa wamekuja na wameondoka. Aibu! Wamekaa sebuleni kwetu hapa Elerai tangu kanisa lilipotoka mpaka jua likainama, na Baba Lengai hakusema lolote zaidi ya "asante" na "nimeshiba". Mkewe, Mama Lengai, angalau aliusifu mtori wa ndizi wa mke wangu Tekla. Mzee alitazama dari. Nikamweleza bei ya saruji. Akatazama dari. Nikamweleza kwamba ni mimi ninayesoma matangazo kanisani, na jinsi watu wanavyoisifia sauti yangu. Akatazama mlango.

Katikati ya mateso hayo akaingia Ndesanjo, kaka yake Tekla, bila kualikwa. Akamuuliza mzee habari za nyasi huko kwao, upande wa magharibi wa Mlima Meru. Baba Lengai akajibu kwamba nyasi zipo. Ndesanjo akanitazama kama aliyenyakua kombe la ligi. Shemeji huyu ni dereva wa watalii, na anadhani kila binadamu ni abiria wake.

Walipokuwa wanaaga, Lengai akamuuliza baba yake kwa adabu kama harusi inaweza kuwa Desemba. Mzee akasema, "Tutaangalia." Basi. Akaondoka.

Binti yangu Agnela amelia jikoni. Anasema baba mkwe hatupendi. Tekla anasema yule ni mkimya tu, tumpe muda. Mimi nasema lazima kitu kifanyike, na wa kukifanya ni mimi.

Jumatatu, 14 Julai

Nimepata!

Nilikuwa kituo cha mafuta. Pembeni yangu gari la kukodi, ndani yake wazungu wawili, mume na mke, watu wazima. Hawana dereva, hawana mwongoza watalii. Simu yao imeunganishwa na redio ya gari, na inawaambia: hapa pindeni, pale tazameni, hapa palitokea jambo fulani. Wao kazi yao kutikisa vichwa. Hakuna anayemsemesha mwenzake, na wote wawili wana furaha! Nilisimama kwenye dirisha lao nikisikiliza mpaka wakapandisha kioo.

Mpango: Jumamosi nawachukua wakwe kwa matembezi. Boma la Wajerumani, Mnara wa Saa, barabara ya Moshi, Tengeru, tunamalizia chakula kando ya Ziwa Duluti. Historia yote itatoka kwenye spika, kwa sauti yangu mwenyewe. Hakuna ukimya. Hakuna dari. Baba Lengai atalazimika kunisikiliza, maana mlango wa abiria wa mbele wa Corolla yangu haufunguki kwa ndani.

Tekla ananikumbusha kwamba Jumamosi ni siku ya soko Tengeru. Nimemwambia mtu mwenye mpango hazuiwi na vitunguu.

Jumatano, 16 Julai

Siku nzima naandika. Nilimwomba Ndesanjo mambo mawili matatu ya historia. Kosa! Amenipa mihadhara. Makaburi ya wakimbizi wa Kipolandi, mashamba ya walowezi, mpaka majina ya ndege. Kisha akasema mkwe anataka mtu wa kuongea naye, hataki redio. Wivu. Mtu ambaye riziki yake ni mdomo lazima aiogope teknolojia.

Lakini kitu kimoja alichosema kilinigusa. Kwamba wakati wa kujengwa kwa Boma, Waarusha walilazimishwa kubeba mawe. Waarusha! Wakwe zangu ni Waarusha! Nikasimama, nikazunguka meza, nikakaa, nikaandika hivi:

"Miongoni mwa wabeba mawe hao alikuwemo babu wa babu yangu, ambaye kwa asili hakuwa Mchaga, bali mtoto wa ukoo uleule wa mkwe wangu mpendwa, Baba Lengai. Alihamia Kilimanjaro kwa sababu ya mapenzi."

Si kweli hata kidogo. Babu wa babu yangu hakuwahi kuvuka mto Kikafu kuja huku. Lakini huu ni uongo wa heshima, unaunganisha familia. Nilipousoma kwa sauti machozi yalinilengalenga. Tekla sijamsomea. Yeye hana moyo wa usanii.

Alhamisi, 17 Julai

Nimerekodi. Nimechoka, lakini nimerekodi.

Niliondoka mapema, barabara nyeupe, simu nimeishika karibu na mdomo kama mtangazaji wa mpira. Pale Boma nikasahau kabisa habari ya babu, kwa sababu lori lilinipigia honi. Si kitu. Nikaichomeka nilipokaribia Tengeru. Nikaongeza na kiapo ili inoge.

Ndiyo kwanza nimemaliza kuapa, askari wa barabarani akanisimamisha. Akasema ninaendesha huku naongea na simu. Nikamweleza kwamba siongei na simu, naongea na mkwe wangu. Akainama akatazama kiti cha abiria. Hapakuwa na mtu. Akaniuliza kwa upole kama nililala vizuri. Akaniachia kwa onyo.

Yote hayo yamo ndani ya rekodi. Nilijaribu kuyakata, nikabonyeza nilipobonyeza, ukafutika Mnara wa Saa wote. Nimeacha kubonyeza. Pale kwenye Mnara tutapita kimya, kama ishara ya heshima.

Nimeweka kila kitu kwenye flashi mbili. Moja ya Corolla yangu nitakayowabebea wazee. Nyingine ya gari la Ndesanjo, ambaye amejipachika kwenye msafara na atawabeba Agnela na Lengai. Nimemwonya aicheze yote na asichangie maneno yake.

Jumamosi, 19 Julai

Naandika kabla sijavua viatu, nisije nikasahau hata neno moja.

Asubuhi baridi kali, ukungu mpaka kwenye mabati. Wakwe wakafika kwa wakati, Mama Lengai na kibuyu cha maziwa mgando, Baba Lengai na blanketi lake begani. Nikamkalisha mbele, Tekla na Mama Lengai nyuma. Nikafunga mlango kwa nje. Nikachomeka flashi.

Boma lilienda vizuri! Sauti yangu nene, ina mtetemo. Baba Lengai alilitazama jengo kwa muda mrefu. Mnara wa Saa tukaupita kimya. Tulipoingia barabara ya Moshi spika ikatamka, "Tazama kushoto kwako Mlima Meru, ulivyosimama wazi kama mfalme!" Kushoto wingu tupu. Baba Lengai akalitazama wingu kwa adabu mpaka shingo ikamchoka.

Ndesanjo alikuwa amebaki nyuma, eti aongeze mafuta. Sikumsubiri.

Kisha foleni. Malori ya vitunguu, maguta ya nyanya ya magurudumu matatu, akina mama na mikungu ya ndizi kutoka Akheri, Tengeru yote imehamia barabarani. Tekla akakohoa, kile kikohozi chake. Gari limesimama. Sauti yangu haikusimama. Alhamisi nilipita hapa nikiteleza, kwa hiyo historia ilikuwa inakwenda na sisi tumebaki. Na ghafla, katikati ya nyanya, ikaja habari ya babu. Mbeba mawe. Ukoo uleule. Mapenzi.

Nikamgeukia mkwe wangu nikiwa tayari kukumbatiwa.

Uso wake ulikuwa umebadilika. Nyuma, Mama Lengai alikuwa ameshika mdomo.

"Baba Agnela," akasema. "Babu wa babu yako ni wa ukoo wetu?"

Nikasema ndiyo! Nikasema kwa furaha, meno yote nje.

Mzee akavuta blanketi lake begani. Halafu akasema taratibu, "Basi Lengai na Agnela ni kaka na dada. Kwetu watu wa ukoo mmoja hawaoani."

"Ludovick!" Tekla huyo, kutoka nyuma. Tekla haniiti Ludovick ila kwenye misiba.

Baba Lengai akajaribu mlango. Haukufunguka. Akajaribu tena. Nikaona kiganja chake kimeng'ang'ania kitasa, na ghafla sikumwona yeye, nilimwona Agnela jikoni Jumapili ile, analia na sufuria mkononi. Moyo ukanishuka mpaka kwenye klachi.

"Ni uongo," nikasema.

"Upi?"

"Wa babu. Niliutunga Jumatano. Babu wa babu yangu alikuwa Mchaga wa kawaida kabisa, na alikuwa mvivu wa kutembea."

Wakati huohuo spika ikanguruma: "Naapa mbele ya mlima huu kwamba habari hii ni ya kweli tupu!"

Nikabonyeza kuzima. Redio yangu haizimiki mpaka uzime gari, na ukizima gari haliwaki. Nikaanza kupigana nayo. Nikasema kwa mdomo wangu kwamba ni uongo, nayo kwa sauti yangu ikasema kwamba wasioamini wataamini. Nikaifunika kwa kofia. Ikaendelea chini ya kofia, ikafika kwa yule askari wa Alhamisi:

"Hapana, afande, siongei na simu. Naongea na mkwe wangu."

"Mkwe yuko wapi?"

"Hajafika bado, afande."

Mabega ya Baba Lengai yakaanza kutikisika. Nikajua nimemliza mzee wa watu. Nikatafuta kitambaa. Kumbe anacheka! Anacheka bila sauti, kichwa amekiegemeza kwenye kioo, machozi yanatiririka, na Mama Lengai naye nyuma kaanza, na Tekla, msaliti, akafuata. Mwenye guta la nyanya akachungulia kuona kuna nini. Baba Lengai akashusha kioo akajaribu kumweleza, akashindwa. Aliweza kusema tu, "Hajafika bado, afande."

Hapo ndipo nikasikia mtu ananiita kwa kilio. Agnela! Anakuja mbio kati ya malori, viatu mkononi. Nyuma yake Lengai, uso umempauka, anamfuata kwa mbali, hajui kama amshike mkono au asimshike. Flashi yao ilichelewa kuanza kwa sababu ya mafuta ya Ndesanjo. Wao ndiyo kwanza walikuwa wamefika kwenye habari ya babu.

"Baba! Lengai ni kaka yangu?"

Baba Lengai alitoa mkono dirishani, akamshika mtoto wangu kichwani.

"Usilie, mwanangu," akasema. "Baba yako ni mwongo. Mtaoana Desemba."

Kisha akafikiri kidogo, akaongeza, "Mwanzoni mwa Desemba. Kabla hajarekodi kitu kingine."

Agnela akacheka na kulia kwa pamoja. Lengai akamshika mkono palepale, mbele ya soko zima. Ndesanjo akatokea amepanda juu ya bampa ya lori, akauliza kwa kelele kama ndoa ingalipo. Spika ikajibu kwamba sasa tumefika kwenye maji tulivu ya Ziwa Duluti, tuvute hewa. Tukavuta. Vitunguu vitupu.

Duluti tulifika njaa imetushika kweli. Tekla akafungua ndizi nyama, Mama Lengai akamimina maziwa, ukungu ukapanda taratibu juu ya maji. Na Baba Lengai akaongea! Alasiri nzima. Alisema Jumapili aliogopa. Watu wa mjini tunaongea sana, akadhani akifungua mdomo atasema kitu kibaya na kumharibia mwanawe harusi. Eti lile dari lilimsaidia.

Kisha akatusimulia kwamba kwao kweli yupo aliyebeba mawe ya Boma, babu wa baba yake. Bega lake moja halikunyooka tena mpaka anakufa, na watoto walikuwa wanalipanda kama ngazi. Alisema hajawahi kupita pale Boma akakosa kulitazama, na leo ni mara ya kwanza kupita na mtu anayeyataja mawe yake. Hakuna aliyecheka. Nilimsikiliza mpaka mwisho. Ndesanjo naye alinyamaza, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu nioe kwao.

Wakati wa kuondoka nilizunguka nikamfungulia mlango. Akaniuliza kama tunaweza kurudi tukisikiliza tena pale pa afande. Tulisikiliza njia nzima.

Jumatatu, 21 Julai

Nyumba ina amani. Agnela anaimba akipiga deki. Tekla anapanga vitambaa vya harusi na Mama Lengai kwa simu, wanaongea kama waliolelewa pamoja.

Jana Ndesanjo alikuja kula na akatangaza kwamba ushindi ni wake, kwani yeye alianza na nyasi. Nikamwacha. Tekla yeye amenikalisha chini leo asubuhi, akaniambia kwa upole kwamba nimeona mwenyewe: watu hawahitaji mitambo wala hadithi za kubuni, ni kukaa nao na kusema nao ukweli. Akauliza kama nimeelewa. Nikamwambia nimeelewa kabisa.

Nimeelewa kwamba rekodi inafanya kazi! Mtu aliyekuwa bubu sasa haachi kuongea. Amenipigia mara mbili tangu Jumamosi. Anatualika kwao, familia nzima, tukaone ng'ombe wake na tuje na Ndesanjo pia. Huko upande wa magharibi sijawahi kufika, na njia siijui. Hilo si tatizo. Nimeshaanza kurekodi njia yake hapa mezani, ili siku hiyo tukiingia tu garini wakute nimewaandalia historia yote ya kwao.

Safari hii sitamtaja babu. Hilo nimejifunza.

Nitamtaja bibi.